Je, Muuzaji Awajibika Kuitaja Ila ya Mali Yake?

Ndugu msomaji, tuseme unayo motokaa ya dizeli iliyokwisha kuzeeka. Asubuhi haiwaki ila kwa taabu, na ikiwaka hutoa moshi wa buluu. Fundi ameifungua, akasema ringi za pistoni zimelika na pampu ya dizeli imechoka. Na gharama ya kuitengeneza yakaribia bei ya motokaa yenyewe. Nawe wadaiwa ada za watoto. Waamua kuiuza. Dalali akunong'oneza: "Iwashe nusu saa kabla mnunuzi hajafika, utie oili nzito, kisha usiseme neno." Je, mtu mwema aweza kuufuata ushauri huu?

Yafaa kwanza tuielewe hila yenyewe. Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa cheche za plagi. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Ringi zikilika, hewa huvuja na joto hupungua. Kwa hiyo ugonjwa huo hudhihirika zaidi injini ikiwa baridi. Basi mwenye kuipasha moto makusudi hakunyamaza tu, bali amesema uongo bila kutumia ulimi. Asubuhi ya kwanza yenye baridi itamfunulia mnunuzi yote. Njia ya mwongo ni fupi.

Wengine hujitetea kwa sheria. Ni kweli kwamba sheria ya Uingereza ya 1893 juu ya uuzaji wa bidhaa, ambayo ndiyo mfano wa sheria za Kenya na Tanzania, kwa kawaida haikumlazimisha mtu asiye mfanyabiashara kudhamini ubora wa kitu anachokiuza. Ilimwachia mnunuzi afungue macho yake. Lakini sheria huonyesha tu ni wapi mtu aweza kushtakiwa; haisemi kwamba kila asiyeshtakiwa ni mwema.

Katika Hadithi imepokewa kwamba Mtume Mtukufu (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akaeleza kwamba kilinyeshewa mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, akaonya kwamba mdanganyifu si katika wafuasi wake. Angalieni: hakumkataza kuuza chakula kilicholowa. Alichotaka ni kwamba kilicholowa kiwe juu. Hii ni faraja kwa mwenye shida, maana motokaa mbovu nayo yaweza kuuzwa kwa halali, kwa bei ya motokaa mbovu.

Mwingine atasema: "Nitaandika kwamba inauzwa kama ilivyo." Hoja hii ni ya kale. Katika Muwatta ya Imam Malik imesimuliwa kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa, biashara ya zama zile ambayo leo imepigwa marufuku, kwa dirhamu 800, kwa sharti kwamba hadhamini kasoro. Mnunuzi akalalamika kwamba mtu yule ana ugonjwa. Hadhrat Uthman (r.a.) akaamua Abdullah aape kwamba alipouza hakujua ugonjwa huo. Abdullah akakataa kuapa, akakubali kumrudisha. Funzo ni wazi: maneno "kama ilivyo" hufunika yale asiyoyajua muuzaji, wala hayafuniki anayoyajua.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote ni hii: "Nikisema kweli nitapata hasara, na wanangu je?" Ndugu yangu, hasara ilikwisha kuingia siku ringi zilipolika. Lililobaki ni swali moja tu: ni nani ataibeba? Mwenye kuficha ila haiondoi hasara. Huihamishia kwa mtu ambaye labda amekopa fedha hizo, naye ana watoto wanaodaiwa ada. Je, mtoto wako asome kwa kumfukuzisha shule mtoto wa mwenzako?

Basi fanya hivi. Mwite mnunuzi asubuhi, injini ingali baridi. Mweleze aliyoyasema fundi, na yaandikwe katika hati ya mauzo, ili hata dalali akiinunua asiweze kudai kwamba hakuambiwa. Unalolishuku, sema walishuku. Na kama breki ndizo mbovu, usiiuze itembee barabarani. Iuze vipuri, kwani hapo si mfuko wa mtu ulio hatarini, bali roho yake.

Mwenyezi Mungu atujalie riziki ndogo iliyo safi kuliko nyingi yenye kilio cha mtu ndani yake. Amin.