Upepo na ndagala

Je, mtu aweza kukosea kitu kisicho na uhai, kama upepo? Tuwaulize wavuvi wa Kalemie. Ziwa Tanganyika lina kina cha metre 1,470, na rutuba huzama humo. Tangu mwezi wa tano hadi wa tisa upepo wa kusini husukuma maji ya juu; ya chini hupanda na rutuba yake mpaka kwenye mwangaza. Ndipo vimea visivyoonekana kwa macho huota, vidudu huvila, ndagala hula vidudu, nasi twala ndagala.

Siku hizi dunia imepata joto. Maji ya juu hayachanganyiki vema na ya chini, chakula cha samaki chapungua. Mvuvi mwenye nyavu za matundu madogo twamlaumu, na ni haki. Lakini wenye moshi mwingi, walio mbali, wasioijua hata ladha ya ndagala, nani atawadai?