Kinywa Kisicholia

Wageni wakinikuta nalisha matumbawe sebuleni kwangu hapa Leicester, aghalabu huniambia maneno ya kheri: Mungu atakulipa, kila kiumbe kina riziki yake na wewe umefanywa sababu. Nawashukuru, maana wanasema kwa moyo mweupe. Lakini kadiri ninavyoendelea kufuga ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hapa hapana sadaka. Sadaka hutoa asiyedaiwa. Mimi nadaiwa.

Mama yangu amezaliwa na kukulia Mvita, Mombasa, katika nyumba iliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Siku moja aliniuliza kwa simu, “Mwanangu, mawe nayo hula?” Hula, mama. Lile jiwe ni mifupa tu. Mnyama mwenyewe ni ngozi nyembamba iliyolifunika, yenye vinywa vidogo vidogo, na kila kinywa kimezungukwa na minyiri inayokamata chakula. Matumbawe mengi ya mwambani hufuga mwani mdogo sana ndani ya nyama zao. Mwani hutengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Ndiyo maana taa iliyo juu ya tangi langu inanigharimu kuliko chakula. Hata hivyo sukari peke yake haijengi mwili, na usiku ukiingia minyiri hutoka kuwinda.

Lipo moja lisilo na mwani kabisa, aina ya Tubastraea, lenye rangi ya chungwa iliyokolea. Baharini hujishikiza kwenye mapango na chini ya majabali, mahali penye giza na mkondo wa nguvu, nao mkondo ndio unaoliletea chakula. Kwangu mkondo ni wa pampu, na maji yanayozunguka ni yale yale, hayana kitu. Kwa hiyo usiku, baada ya Isha, nazima pampu na kudondosha matone machache ya maji yaliyoyeyushiwa uduvi wa friza. Harufu inafika kabla ya chakula. Nasubiri robo saa hivi mpaka vinywa vyote vifunguke na minyiri ya manjano itandazike. Hapo ndipo naanza, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kinywa kimoja kimoja, uduvi mmoja mmoja. Mnyiri unagusa, unanata, unajikunja kuelekea katikati. Mdomo unatanuka polepole na uduvi unazama kuanzia mkiani, na jicho lake jeusi ndilo la mwisho kuonekana. Nikiondoka mapema, kamba wa mistari myekundu huja mbio na kuchomoa tonge kinywani mwa mwenzake, kwa hiyo nalifunika tumbawe kwa nusu ya chupa ya plastiki mpaka limalize kumeza.

Sasa turudi kwenye deni. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi mbili ambazo kila mtoto wa chuoni anazijua. Moja ni ya mtu aliyemkuta mbwa ana kiu, akashuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Nyingine ni ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha aende akale wadudu wa ardhini, akaadhibiwa. Sisi wafugaji hupenda kujiweka kwenye ile ya mbwa. Lakini yule bwana hakumfunga mbwa. Alimkuta na kiu yake. Mwenye tangi yumo kwenye ile ya paka. Kiumbe kilikuwa na mlango wake wa riziki, mimi nikaufunga, kwa fedha zangu na kwa hiari yangu, kwa sababu napenda kukitazama. Kukilisha ni kurudisha nilichochukua. Fikihi ya Kishafii inalijua jambo hili vizuri: lishe ya mnyama imewekwa katika mlango mmoja na masurufu ya mke na watoto, na mwenye kukataa kadhi humlazimisha alishe, au auze, au achinje kama ni wa kuchinjwa.

Ataniambia mtu kwamba hadithi ya mbwa inataja thawabu kwa kila chenye ini bichi, na tumbawe halina ini. Halina moyo wala ubongo pia; lina mtandao wa neva, kinywa, na tumbo. Je, linaona njaa? Nimelifikiri sana swali hili, na naona si juu yake deni linaposimama. Najua linavyokonda. Nyama hupungua taratibu kwa miezi, hurudi nyuma, na kingo za mifupa huanza kutokeza juu ya ngozi. Paka hulia, mtoto hulia, majirani wakasikia. Hiki ni kinywa kisicholia, na haki isiyo na mdai duniani naiogopa zaidi kuliko ile yenye mdai.

Yule mwanamke alikuwa na njia mbili za kuepuka adhabu: kulisha au kuachia. Kwangu ya pili imefungwa. Bahari ya Uingereza ina baridi mno, na hata ningelibeba tumbawe mpaka pwani ya Nyali nikalitumbukiza, ningepeleka maradhi na wageni wasiotakiwa. Tubastraea hii hii, iliyotoka bahari za mashariki, imeenea Karibiani na pwani ya Brazili ikiyafunika majabali yaliyokuwa ya wengine. Kuachia huko si huruma. Kumebaki kulisha, au kumpa atakayelisha.

Ndiyo maana siku hizi swali langu dukani si bei. Kuna kiti cha pweza cha buluu, Linckia, ambacho sisi watu wa pwani tunakijua maji yakipwa. Kwenye tangi hutembea juu ya kioo kwa miezi kikilamba utando, mwenyewe akifurahi kwamba ni kizima, kumbe kinajila, na mwisho husambaratika. Kuna Dendronephthya, tumbawe laini zuri kupita kiasi, linalotaka chembe hai ndani ya maji usiku na mchana. Vyote viwili huuzwa. Naona ni haramu kwangu kuvinunua, na uzuri wao hauniongezei hoja. Anayejua kwamba hataweza kulipa na bado akakopa, tuna jina lake.

Lakini kulipa nako kuna kadiri. Chakula kinachobaki huoza, naitreti na fosfeti hupanda, mwani mbaya huziba mwamba, na mkono uliozidisha kwa mapenzi huua sawa na ule uliosahau.

Linalonisumbua zaidi ni artemia, uduvi wadogo wa kulishia matumbawe. Naangua mayai yake katika maji ya chumvi, na baada ya siku moja hivi yananipa maelfu ya viluwiluwi vya rangi ya machungwa vinavyoogelea kufuata mwanga. Vina masaa machache, kisha nayamiminia matumbawe. Nimeviita duniani ili vilipe deni langu. Najibu kwamba baharini pia mdogo huliwa, na jibu hilo ni kweli, ila baharini hakuna aliyekaa na kijiko akipima wangapi wazaliwe. Kwa sasa naangua kile kitakacholiwa usiku huo tu. Sidhani kwamba hilo linanitoa lawamani.

Na deni hili laweza kunizidi umri, kwa kuwa tumbawe likitunzwa huishi miaka mingi. Nimeliandika kwenye wasia, pamoja na madeni ya watu. Mpwa wangu amekubali kulipokea tangi kwa sharti moja, kwamba nimfundishe kulisha sasa hivi nikiwa hai, na Jumamosi huja kushika bomba yeye mwenyewe.