Mwezi Tuliousifu Bila Kuusoma

Sisi wana wa Mbooni tumelelewa na mito ya mchanga. Mto ukikauka, watoto hucheza kandanda humo mpaka siku mvua inaponyesha milimani. Lakini maji yakija hunguruma. Mwenye kuchota kisimani mchangani huyasikia, akaacha mtungi na kukimbia. Akili hiyo ndiyo tuliyoshuka nayo pwani, na nusura ituangamize.

Ilikuwa Desemba. Tulipanda treni Emali, watu wanane wa ukoo mmoja, tukafikia Nyali, ardhi iliyochomoza baina ya hori la Tudor na Bahari ya Hindi, mkabala na Kisiwa cha Mombasa. Usiku ule mwezi mpevu uling'aa juu ya bahari, tukausifu na kuupiga picha.

Kesho yake, saa nne na nusu asubuhi, maji yalikuwa yamepwa kabisa. Tulivuka mkondo, maji magotini, hadi mwambani. Mpwa wangu wa miaka tisa aliinama kila hatua: hapa kaa, pale kiti cha pweza chekundu. Jua lilipopita utosi maji yalitufika vifundoni tu, nikasema, "Bado mapema." Sikutazama nyuma. Mwamba umeinuka, ila mkondo kati yake na ufuo uko chini. Tulipogeuka, maji ya mkondo yalinifika kifuani. Mtoto hakuwa na pa kukanyaga.

Mvuvi mmoja mzee alituwahi kwa mtumbwi, akapakia watoto kwanza. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Jana hamkuuona mwezi, wanangu? Haya ni maji ya bamvua."

Mwezi unapokuwa mpevu, au unapoandama, bahari ya Mombasa huweza kupanda zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa 6 hivi, na saa mbili za katikati ndizo za kasi kuliko zote. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo saa ya jana si ya leo.

Ndugu wa milimani, mto wetu huonya kwa mngurumo. Bahari hujaa nyuma yako kimya kimya. Kabla hujavua viatu, muulize mvuvi maji yatapwa hadi saa ngapi. Kuuliza si ujinga. Kisha mshike mtoto mkono, uanze kurudi maji yangali yanapwa.