Mkubwa Asiyejibiwa

Tangu mafuta yaanze kuadimika Burundi, kuchelewa kazini ni jambo la kawaida mjini Bujumbura. Karani anayekaa Kinama au Kanyosha hutoka nyumbani kungali giza, akakuta umati kituoni na basi halionekani, mwishowe akashika njia kwa miguu. Anapofika ofisini, saa moja na nusu imeshapita na shati limemganda mgongoni. Mezani inamngoja barua ya kujieleza. Aliyeitia sahihi ameletwa na gari la ofisi.

Tukisimuliwa kisa kama hiki, wengi husema upesi kwamba mkubwa huyo ni mkali. Sidhani. Kuna wakubwa wakali ambao wafanyakazi wao huwataja kwa heshima hata baada ya kustaafu. Mtu wa namna hiyo anakukemea, anakurudishia ripoti uiandike upya, lakini ukimwambia, "Shefu, hapo sikubaliani nawe," anavua miwani anakusikiliza. Wapo pia wapole wa sauti, wenye tabasamu kila asubuhi, ambao hakuna aliyewahi kuwajibu neno. Kwangu mimi, mkubwa mgumu ni yule ambaye mbele yake neno lako halina uzito. Barua ile inaomba maelezo, na huku uamuzi umeshapita. Karani analijua hilo, na mkubwa anajua kwamba karani analijua. Mshahara wa siku ukikatwa unauma, lakini kinachomnyima mtu usingizi ni kule kulazimishwa kuigiza mazungumzo.

Warundi wana kipimo chao cha zamani cha jambo hili. Mushingantahe, mwamuzi wa migogoro kilimani, yaani kijijini, hakurithi cheo. Alichunguzwa kwa muda mrefu, akaapishwa mbele ya watu, na fimbo ya uamuzi, intahe, ikawa alama ya dhamana yake. Baraza halikuamua kabla pande zote mbili hazijasema. Sitaki kuupaka rangi utaratibu ule. Wanawake, kwa mfano, waliwekwa pembeni kwa muda mrefu. Ila ulitambua kwamba anayeamua bila kusikiliza amejitwalia tu nguvu, hata kama cheo chake ni halali. Ajabu ni kwamba mkubwa huyohuyo wa ofisini anayeweza kukaa Jumapili kilimani kwao akasikiliza kwa saa nzima ugomvi wa mpaka wa shamba, Jumatatu ofisini hawezi kumpa karani wake dakika tano. Labda naye ana mkubwa wake asiyejibika, anayemwandikia barua zilezile.

Mbele ya mkubwa kama huyu tunashauriwa kuvumilia. Mvumilivu hula mbivu. Huko mtaani Buyenzi mama atamwambia kijana wake, "Vumilia mwanangu, kazi hazipatikani," na ana hoja. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1988, faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura, kilibaki hivyohivyo kwa zaidi ya miaka 30, fedha isiyonunua hata mkate. Katika soko la kazi la namna hii, anayemshauri mtu aache kazi ili kulinda heshima yake anagawa ujasiri ambao yeye mwenyewe halipii.

Hata hivyo uvumilivu na woga ukivitazama kwa nje havitofautiani: vyote viwili vinanyamaza, vyote viwili vinasema "Ndiyo, Shefu." Simone Weil, mwalimu wa falsafa Mfaransa, aliacha kufundisha kwa muda akaingia kiwandani Paris kama kibarua mnamo Desemba 1934. Alitarajia kwamba kuonewa kungemwamshia uasi. Alichokikuta ndani yake ni utii, utii wa mnyama wa mizigo. Ushahidi wake unanisaidia kutenganisha mambo haya mawili. Mvumilivu amenyamaza lakini bado anajua angesema nini, na anangoja siku ya kulisema. Mwoga ameanza kuamini kwamba hana la kusema. Akifika hapo, hata mkubwa amepata hasara, kwa kuwa atakuwa mtu wa mwisho katika ofisi nzima kujua, kwa mfano, kwamba hesabu za stoo hazilingani.

Sheria ipo. Kanuni ya Kazi ilirekebishwa tarehe 24 Novemba 2020, wakaguzi wa kazi wapo, mahakama ya kazi ipo. Lakini nani atamshitaki shefu asubuhi, kisha jioni amwombe ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali? Mtu mmoja akisema peke yake, anageuzwa faili. Ndiyo maana siwaambii makarani wawe mashujaa. Andikeni maelezo yenu kamili, hata mkijua hayatasomwa, mbaki na nakala. Kisha suala la mabasi na saa za kuingia lipelekwe na mwakilishi wa wafanyakazi kwa niaba ya idara nzima. Kama ofisi yenu haina mwakilishi, chagueni mmoja kabla mwezi huu haujaisha.