Mwalimu Yuko Wapi?

Machi 2020 serikali ya Tanzania ilipofunga vyuo kwa sababu ya korona, wapo wahadhiri waliogeukia makundi ya WhatsApp. Je, aliyetuma sauti ya dakika tano amefundisha?

Katika Phaedrus ya Plato, Socrates analalamikia maandishi: ukiyauliza, hurudia neno lile lile. Kundi la WhatsApp angalau hujibu.

Lushoto swali hili lina uzito wake. Huko Magamba, mwaka 2007, Kanisa la Kilutheri lilianzisha chuo chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, na elimu maalumu ikawa nguzo yake. Katika fani hiyo jambo moja huonekana upesi: ujumbe wa sauti haumfikii kiziwi, na picha ya ubao isiyo na maelezo haimwambii kitu asiyeona. Lugha ya alama husomwa mikononi na usoni. Mtandao ukisuasua, video hukwama na sentensi hukatika katikati.

Kwa hiyo umbali si kosa la kwanza. Mhadhiri anayeandika maelezo chini ya kila picha, na kuandika upya kila alichokisema, yupo darasani zaidi kuliko yule anayezungumza akiutazama ubao, huku nyuma yake ameketi mwanafunzi kiziwi anayesoma midomo.