Nafuu Hiyo Ni ya Nani?

Hapa Braamfontein wenyeji huchanga fedha katika stokveli zao, na Desemba wakanunua unga na mafuta kwa jumla. Tukiunda ushirika kama huo, tununue mboga kwa wakulima wadogo wanaowatendea haki vibarua wao, tutamruka dalali. Nafuu itakayobaki ni ya nani?

Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 walishirikiana kama wanunuzi. KNCU ya Kilimanjaro, mwaka 1933, ilikuwa ya wakulima wa kahawa. Jina ni moja, ushirika, lakini huyu anataka bei ishuke, yule ipande. Kura ikiwa ya walaji peke yao, mkulima atashindwa daima. Basi naye akae mkutanoni bei inapopangwa. Na mvua ya mawe ikimharibia shamba? Tulipe tulichoahidi, hata kapu likija nusu.