Ni ya Nani Kazi Iliyo Katika Daftari?

Tangu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipoanza kutoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, Waislamu wa pwani wamekuwa wakihimizwa kusomesha watoto wao. Alhamdulillahi, wito huo umeitikiwa na wengi. Lakini kumpeleka mtoto skuli ni jambo moja, na mtoto kusoma ni jambo jingine. Swali tutakalo kulitazama ni dogo kwa sura yake, kubwa kwa maana yake: mzazi akishika kalamu akamfanyia mwanawe kazi aliyopewa na mwalimu aifanye nyumbani, je, amemsaidia au amemdhulumu?

Jambo hili latuhusu zaidi tangu ulipoanza mtaala wa umilisi mwaka 2019, ambao wataka mtoto ajifunze kwa kutenda na wazazi washirikiane na walimu. Nia hiyo ni njema. Lakini twaona yanayopita jioni katika nyumba zetu. Mtoto aliyeambiwa atengeneze kifaa hununuliwa kilichokwisha kutengenezwa. Aliyeambiwa achore huchorewa na dada yake. Aliyeambiwa atafute habari hupigiwa chapa dukani karatasi asizozisoma, au simu ya babake ikajibu badala yake. Asubuhi mwalimu hutia alama nzuri, na kila mtu akaridhika.

Imepokewa katika Sahihi ya Imam Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya chakula kilichokuwa kikiuzwa, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomwuliza mwenyewe, akajibu kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamlaumu kwa kutokukiweka juu kilicholowa ili watu wakione, kisha akamkana mwenye kughushi.

Ndugu msomaji, zingatia: mtu yule hakuileta mvua. Kosa lake lilikuwa kuificha. Vivyo hivyo, mtoto kutokujua si aibu, kwani lau angalijua asingalipelekwa kwa mwalimu. Daftari ni mahali ambapo mwalimu hutia mkono apate kujua palipokauka na palipolowa. Mzazi aandikaye badala ya mwanawe amefunika unyevu kwa nafaka kavu.

Wanaodhulumiwa ni watatu. Wa kwanza ni mwalimu, kwani huendelea na somo la pili akidhani la kwanza limefahamika. Wa pili ni mtoto wa jirani, ambaye mamake hana pesa wala hakusoma. Yeye aliifanya kazi kwa mkono wake, mistari ikapinda, akapata alama ndogo kuliko yule aliyefanyiwa. Wala alama hizo si pambo tu: mwaka 2022, ulipofanywa kwa mara ya kwanza mtihani wa kitaifa wa darasa la 6 chini ya mtaala huu, kazi zilizopimwa skuli nazo ziliingizwa katika hesabu ya matokeo. Wa tatu ni mtoto mwenyewe. Imam Al-Ghazali amebainisha katika Ihya kwamba mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake. Na mtoto huyu amefunzwa na walioaminiwa mambo mawili kwa usiku mmoja: ya kuwa yeye hawezi, na ya kuwa uongo wafaa ukiandikwa kwa hati nzuri.

Mama atasema: mtoto hurudi skuli alasiri, akaenda chuoni, akarejea magharibi amechoka, na asipopeleka kazi hufedheheshwa mbele ya wenzake. Hoja hii ina haki ndani yake, na jawabu lake ni juu ya walimu. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameeleza katika Muqaddima kuwa ukali juu ya mwanafunzi humzoesha uongo na hila kwa kuuogopa mkono wa mwenye kumtesa. Basi mwalimu atoaye kazi ipitayo uwezo, kisha akamwadhibu asiyeimaliza, ana fungu lake katika uongo ule. Naye akusanyaye madaftari asiyasome amewafundisha watu kuwa ukweli wa yaliyomo hauna maana.

Lakini uzito wa kazi hauhalalishi kughushi. Mwenye kile chakula alikuwa na njia, nayo ni kukiweka juu kilicholowa. Mzazi naye anayo. Aandike chini ya kazi: "Mwanangu amefika hapa, hapa pamemshinda." Maneno hayo machache yamfaa mwalimu kuliko ukurasa mzima wa majibu yasiyo ya mwanafunzi wake.

Na mpaka wa msaada si mgeni kwetu. Katika vyuo vyetu mtoto hupewa aya akazihifadhi nyumbani, na kesho yake hukaa mbele ya mwalimu akazisoma kwa ulimi wake. Mama aweza kumsikiliza, kumrudisha akoseapo, na kumwamsha alfajiri adurusu. Lakini hawezi kumhifadhia. Basi na kazi ya skuli iwe hivyo: kalamu ibaki mkononi mwa mtoto. Hata mama asiyejua kusoma aweza kumwambia, "Nieleze, mwanangu, ulilofundishwa leo," kwani mwenye kueleza huona mwenyewe alipofahamu na alipokwama.

Siku ya mtihani mtoto atakaa peke yake, babake yuko nje ya mlango. Na iko siku iliyo kubwa zaidi, ambayo kila mtu atapewa kitabu chake akisome mwenyewe. Tuwazoeze watoto wetu tangu sasa kwamba kilichoandikwa kwa jina lao ni chao kweli.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuzitunza amana zake. Amin.